Kelele za Uwanjani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Jepkemboi na Kabiru walipanguza dawati lao pamoja huku wakipiga soga. Walikuwa darasa la saba katika shule moja mtaani Munyaka, Eldoret, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi.

Siku hiyo Madam Maximilla, mwalimu wa Kiswahili, alimwita Jepkemboi asome shairi lake kuhusu mbio za shule. Akasoma:

*Mashabiki wanguruma, mvua ya mawe batini,*
*mama akiita mwana, hasikiki uwanjani.*

"Umeweza, Jepkemboi!" Brian akapaza sauti kutoka nyuma.

"Tamathali hii imenifanya niusikie umati wote," Madam akasema. "Umeitoa wapi?"

"Nimefikiria tu, Madam."

"Basi utalisoma siku ya wazazi."

Kabiru aliinamisha kichwa. Wiki iliyopita alikuwa amemsimulia Jepkemboi, yeye peke yake, kuhusu kundi lililokuja kuchoma nyumba yao. Kelele zake zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Mamake alimwita, asimsikie.

Mapumziko yalipofika, Kabiru alibeba mkoba wake akahamia dawati lingine.

"Aki Kabiru, si ni maneno tu?"

"Kwako ni maneno. Sisi tulikuwa tunalia, wewe umelifanya lile kundi lishangilie. Na mamangu atakuja siku hiyo."

Jepkemboi akaweka chini kikombe chake cha uji. Akilini alimwona mama huyo akiketi mbele, akilisikia shairi. Akaenda ofisi ya walimu, machozi yakimlengalenga, akasema yote.

Madam hakumgombeza. "Wewe mwenyewe uwanjani ulihisi nini?"

Jepkemboi akafikiri. "Kama maziwa yakichemka, Madam. Yanapanda tu, huwezi kuyazuia."

"Andika hayo. Lakini kwanza kuna watu wa kuambiwa ukweli."

Alasiri alisimama mbele ya darasa. "Yale maneno yalikuwa ya Kabiru. Nilidanganya. Kabiru, nisamehe." Kisha akasoma:

*Furaha ikatokota, kama maziwa jikoni,*
*ikafura, ikapanda, kamwagika uwanjani.*

Kabiru akamtazama. "Hayo ni ya nani?"

"Yangu. Haki ya Mungu."

"Basi soma tena, sauti ikuwe juu. Mamangu hupenda kuketi nyuma."

Darasa likacheka, na Jepkemboi akapumua. Madam Maximilla akafuta ubao polepole, akawageukia.

"Tamathali hubeba moyo wa mtu," akasema. "Mwenzako akikupa woga wake, mtunzie. Ukitaka kuimba furaha, imba yako."