Mabati ya Mama Chenai

Kila alfajiri, kabla hata ya uji, Sarudzai, mama yake Chenai, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake. Alishona sare za shule kule Zaka, nchini Zimbabwe, miaka ile bei zilipokuwa zikipanda kila wiki. Kwa miezi minane aliweka fedha benki. Alitaka mabati kumi na mawili, maana paa la nyasi lilikuwa likiwavujia watoto.

Mwezi wa Aprili alitimiza bei aliyotajiwa mwanzoni. Akaenda dukani mbio.

"Hizi zinatosha mabati matatu, mama," alisema muuzaji.

"Matatu? Mwizi mkubwa wewe!"

"Nitukane tu. Hata mimi nikifuata mzigo naambiwa hivyo hivyo."

Jioni jirani yao Ropafadzo, mtunza stoo wa hospitali ya misheni, alimkuta akimfokea mumewe, Zvidzai.

"Wewe ndiye uliyesema benki! Benki!"

"Si zipo zote?" Zvidzai alijitetea. "Hakuna iliyoibwa."

"Zipo, shemeji, lakini zimeisha nguvu," alisema Ropafadzo. "Noti zinachapwa nyingi, vitu madukani ni vile vile. Kwa hiyo kila noti inanunua kidogo. Na riba ya benki haiifikii kasi ya bei."

"Kwa hiyo nimeshona bure?"

"Karibu na bure, Mama Chenai. Sikufichi. Sasa usilaze fedha. Ukilipwa leo, nunua bati leo, hata moja."

"Na saruji je, nayo tuinunue mapema?" aliuliza Zvidzai.

"Saruji ikikaa inaganda. Ngoja siku ya kujenga. Bati nalo likiguswa na unyevu linashika kutu. Liweke ndani, juu ya magogo."

Kesho yake walinunua yale matatu. Tangu hapo, mteja akilipa asubuhi, adhuhuri Sarudzai yuko dukani. Zvidzai naye akipokea mshahara hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja dukani.

Mvua za Novemba zilikuta mabati yote kumi na mawili juu ya nyumba. Watoto walilala pakavu.

"Umeona, mke wangu?" Zvidzai alicheka. "Tumeshinda."

Sarudzai hakucheka. "Paa ninalo. Lakini ile miezi minane niliinama mpaka mgongo ukaniuma. Hakuna aliyevunja mlango, na jasho langu limechukuliwa. Nani atanirudishia?"



Kesho yake Sarudzai alianza kumwambia kila mzazi aliyeleta mtoto kupimwa sare: "Usilaze fedha, mwenzangu. Mimi wameshanila."