Mkunga Ambaye Hakuitwa

Kwaru, kwaru, kwaru. Kata ilikuwa ikikwangua ndani ya mtungi. Majogoo walikuwa bado hawajawika, lakini Isabela alikuwa macho juu ya mkeka wake, kanga ameivuta mpaka puani. Alijua kwamba mama yake anatafuta maji ya kunawa uso. Alijua pia kwamba mtungi ule hauna kitu.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala, na bomba la maji lilikuwa halijafika kijijini kwao, karibu na Newala. Maji yalikuwa chini bondeni. Wanawake na wasichana waliteremka mwendo wa saa nzima, wakangoja zamu kisimani, kisha wakaupanda mlima kwa saa mbili, debe kichwani. Mwezi wa Oktoba kisima chenyewe kilitoa maji tone kwa tone.

Mama yake Isabela alikuwa mjamzito. Alikwisha kuzika watoto wawili, wote kabla ya kutimiza siku arobaini. Ndiyo maana safari hii ukoo ulikaa barazani kuchagua mkunga.

"Bibi Severina ametupokea sote," alisema Mjomba Barnaba, kaka yake mama, ambaye kwa mila yao ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. "Tena bakuli moja la maji linamtosha. Huyu Mama Edmund wenu, aliyesomea ukunga misheni kule Masasi, anataka madebe mawili, ayachemshe! Anaogesha mtoto au ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Kaka, wale wawili walipokelewa kwa bakuli moja," alisema taratibu. "Namtaka Mama Edmund."

Mjomba aliinua mikono. "Haya, dada. Uchungu ni wako, na mkunga awe wako."

Isabela, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyeyaleta maji hayo. Mama Edmund alikuja mwenyewe kuyatazama, akayafunika vizuri kwenye pembe ya ghala. "Haya yasiguswe mpaka siku yenyewe," alisema. Kisha akampapasa Isabela utosini, pale ngata ya kubebea debe ilipokwisha kuzinyonyoa nywele. "Pole, mwanangu. Kichwa chako hiki ndicho kinachomkaribisha mdogo wako."

Lakini watu wa nyumbani walikunywa, walipika na walinawa kila siku, na Isabela aliendelea kuteremka bondeni. Rafiki yake Regina alimtania kisimani, "Madebe yote hayo! Mama yako anazaa mtoto au samaki?" Wasichana wote waliangua kicheko.

Jumatatu moja miguu ilimuuma sana. Badala ya kwenda bondeni, alichota kata chache ghalani akazitia mtungini. Hakuna aliyejua. Kesho yake akachota tena. Baada ya wiki mbili debe moja lilikuwa kavu, na la pili limebaki robo.

Alfajiri ile kata iliacha kukwangua.

"Isabela," mama aliita kwa sauti nyembamba. "Mwamshe baba yako. Siku imefika."

Baba yake, Dastani, alikuwa tayari ameinuka. "Kimbia kwa Mama Edmund," alisema. "Usisimame na mtu njiani."

Jua lilikuwa linachomoza Isabela alipofika njia panda ya kanisani. Aliiona nyumba ya Mama Edmund, moshi unatoka jikoni. Hapo akasimama. Akawaza jinsi Mama Edmund atakavyofunua debe tupu mbele ya baba na mjomba. Alisimama kwa muda wa kumenya muhogo mmoja, kisha akageuka.

"Hayupo," alimwambia baba yake huku anahema. "Amekwenda Masasi."

Baba alishika kichwa. "Basi, kamwite Bibi Severina."

Bibi Severina hakukawia. Ijapokuwa aliitwa ghafla, alikumbuka kumfungia Isabela kiazi cha moto katika jani. "Kula, mjukuu wangu," alisema. "Uchungu ni wa mama yako. Njaa isiwe yako." Akanawa vidole katika bakuli moja, kama alivyofundishwa na mama yake. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kiume alizaliwa, akalia kwa nguvu. Bibi alimkata kitovu kwa kibanzi kikali cha utete wa bua la mtama, akapaka masizi ya chungu. Vigelegele vikapigwa. Mtoto akaitwa Cecil.

Siku ya sita Cecil alikataa kunyonya. Siku ya saba taya zake zilikaza, na kila alipoguswa mwili ulikakamaa. Mama naye alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Mama Edmund atakuwa amekwisha kurudi," baba alisema, akivaa shati. "Namfuata."

"Baba." Isabela alikuwa mlangoni. "Hakwenda Masasi. Mimi sikufika kwake. Niliyamaliza maji ya ghalani, nikaogopa."

Mkono wa baba ulibaki kwenye kifungo cha shati. Alimtazama Isabela kama mtu asiyemfahamu. Hakumpiga. Alitoka mbio.

Mama Edmund alimshika mtoto kwa muda mrefu. "Ni pepopunda," alisema mwishowe. "Uchafu umeingia kitovuni. Nimechelewa, Baba Isabela. Lakini mama yake tunaweza kumwahi."

Cecil alifariki siku hiyo hiyo. Kesho yake mama alibebwa kwa machela mpaka hospitali. Huko nyuma watu wakaanza kunong'ona kwamba Bibi Severina ndiye aliyemla mtoto kwa uchawi. Majirani wakaacha kumwazima hata moto.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Isabela aliketi karibu naye, lakini hakuthubutu kumgusa.

"Mama, nimemuua mdogo wangu?"

Mama aligeuza uso, akamtazama. "Sitakudanganya ili nikubembeleze," alisema. "Kilichomuua ni ule utete na yale masizi, na sisi hatukujua. Lakini mkunga ambaye angetukinga nilikuwa nimemchagua, na wewe hukumwita. Ungeniambia debe ni tupu, ningekugombeza, na hasira yangu ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Majirani wangetupa maji. Kosa likisemwa mapema lina dawa, mwanangu. Likifichwa linakua, na linawaumiza hata wasiohusika. Sasa linamuumiza Bibi Severina. Nenda ukaseme."

Isabela alisema, mbele ya watu wote, barazani kwa Mjomba Barnaba. Mjomba aliinamisha kichwa. "Na mimi niliyacheka madebe yale," alisema. Siku hiyo wakakubaliana kwamba kila nyumba itampa mwenye mimba kibuyu kimoja cha maji, na kwamba wakunga wote watakwenda kujifunza kwa Mama Edmund.

Kutoka pale Isabela alikwenda kwa Bibi Severina. Alimkuta kizingitini, peke yake, anapukuchua kunde.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mimi ndiye niliyesema uongo. Nisamehe."

"Nimesikia." Mzee aliendelea kupukuchua. "Mama Edmund alikuja hapa. Alinieleza habari za utete, polepole, bila kunidharau. Miaka yote nimekuwa nikiwahesabu niliowapokea, mjukuu wangu. Sasa nawahesabu wale waliozikwa. Nao ni wengi."

Isabela aliketi, akachukua kunde, wakapukuchua pamoja mpaka ungo ukajaa. Aliponyanyuka kuaga, Bibi Severina alimshika mkono.

"Siku hizi hakuna anayepita hapa," alisema. "Kesho kutwa uje tena. Hata kama huna la kusema, njoo."