Njiwa wa Madoa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kifimbo alipanda kwenye banda la njiwa, akakwangua kinyesi, akabadilisha maji na kumwaga mtama. Wembamba wake ndio uliompa jina hilo. Siku hizi alifanya kazi hiyo akiburuta miguu. Njiwa kadhaa walikuwa wamekufa, na jike mweupe, kipenzi chake, alikuwa amepinda shingo. Alidonoa mtama, akaukosa, akadonoa tena. Kifimbo aliumia kumtazama.

Asubuhi moja mama yake alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa na daktari wa mifugo. Daktari alivaa glavu, akampasua njiwa aliyekufa juu ya gazeti.

"Mnaona figo hizi? Zimevimba, zimepauka. Zimeharibiwa na virusi, ndiyo maana wanaharisha maji matupu. Vikiingia kwenye ubongo, shingo inapinda."

"Dawa ipo?" aliuliza mama.

"Ya virusi vyenyewe, hakuna. Wazima tutawachanja. Ila niambieni, kuna njiwa mgeni aliyeingia humu?"

"Hakuna," Kifimbo alijibu upesi mno.

Mama aliketi kwenye ngazi akiwa bado amevaa viatu vyake vya kazini. "Mwanangu, nimechoka. Usiniongezee uongo."

Kifimbo akaangua kilio. "Yule wa madoa, mama. Ni wa jirani, fundi viatu. Alifuata kundi letu, nikamfungia humu. Alikuwa anaharisha tangu alipokuja."

Wafuga njiwa hujigamba wakimnasa njiwa wa mwenzao. Kifimbo alijigamba kimyakimya, na kimya hicho kilimtokea puani.

"Basi na banda la fundi lina ugonjwa," daktari alisema. "Twende haraka."

Walimkuta fundi ameshika tama. Njiwa wake walikuwa wakifa, naye alidhani wamelishwa sumu. Alipoambiwa habari za njiwa wake wa madoa, hata hamu ya kugombana hakuwa nayo. Daktari alitenga wagonjwa na kuchanja wazima katika mabanda yote mawili, na vifo vikakoma.

Shingo ya yule jike mweupe haikunyooka kabisa. Kifimbo alimlisha kwa bakuli lenye kina, punje kwa punje, kisha akanawa mikono kwa sabuni.

"Ungesema siku ile ile, tungemtenga mgeni, na wengi wangepona," mama alimwambia huku akipiga miayo. "Mtu hukosea. Ukikosea, niambie mapema. Hata nikiwa nimelala, niamshe."