Mlio wa Tatu

Modem ya kituo cha kupimia kina cha mto, kule Chumbi, ni ya kizamani, ya waya wa simu. Ofisi ikiipigia kuchukua vipimo, inachelewa kujibu. Wakubwa zangu wakachoka kusubiri, wakanituma nikairekebishe. Nilifika jua linazama.

Mlinzi wa kituo, Bi Sihaba, alikuwa akizungumza kwa simu ya pale na Zena, binti yake wa pekee, aliyeolewa Mahege. Alipokata, nikaunganisha modem na kompyuta yangu. Imewekwa ijibu mlio wa tatu.

"Nani kaiweka hivi?"

"Fundi aliyekutangulia. Nilimwomba mimi. Hapa, jua likizama, watu huitwa, mwanangu. Wale wa mtoni hawaiti mara tatu."

Mimi mzaliwa wa Bungu. Tangu mdogo nimekatazwa kuitikia wito wa kwanza wa magharibi. Lakini nilikuwa na haraka, na ujuaji ulinizidi. Nikafuta mipangilio yote, nikaiweka ijibu mlio wa kwanza.

Ikalia papo hapo.

Mara moja... ikajibu.

Nilitarajia ule mluzi wa mashine. Spika ikatoa pumzi. Chumba kikanuka tope lililooza.

"Huseni..."

Lilikuwa jina langu. Nikakata. Pumzi haikukatika.

"Umeshaitika," Bi Sihaba alinong'ona. "Mkono uliobonyeza ni wako. Haondoki mpaka aitike mwingine. Usitoke! Nafuata msahafu."

Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Kwa mbele, kitu kikaanza kupanda ngazi kutoka mtoni. Taratibu. Kimelowa.

Chap... chap...

Nilitaka kuishi, basi. Ukutani, kwa mkaa, iliandikwa namba ya Zena. Niliitoa modem katika hali ya kujibu, nikaiweka katika hali ya kupiga. Nikaibonyeza namba bila kukosea hata tarakimu moja.

Kule ikalia mara moja tu.

"Abee, mama?"

Hatua zikakoma mlangoni. Kisha zikashuka.

Asubuhi Zena alikutwa amekaa kitako, simu mkononi, masikio yamejaa tope. Mazikoni Bi Sihaba alinikumbatia. "Afadhali wewe Mungu kakunusuru," akasema, akalia begani kwangu. Nikamwacha alie.

Wiki iliyopita alinipigia.

"Huseni, ile mashine huhifadhi namba ilizopiga?"

"Haihifadhi, mama."

"Fundi mwingine yupo hapa," akasema. "Anasema inahifadhi."

Tangu siku hiyo, kila magharibi simu yangu inalia mara mbili, inakatika. Namba ni ya kituo. Sipokei. Mke wangu Yasmin sikumwambia kitu, maana ningemwambia nini?

Leo nilikuwa bafuni natawadha, simu nimeiacha sebuleni. Ikalia. Nikatoka mbio, maji yananitiririka.

Ilikuwa imelia mara moja tu.

"Abee?" alisema Yasmin.