Tuliomcheka Bwana Kata

Sogezeni vigoda, jamani, na wenye watoto wachanga wawapakate, maana ninayoyasema leo yalitokea hapahapa Mwananyamala, kwenye ua mnaoupita kila siku mkienda bombani, na wengi wenu mlikuwapo. Anayetaka kuondoka aondoke sasa. Baadaye asije akasema mie Mwanaheri nimemsengenya.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Jumamosi alasiri mtaa wetu ulikuwa unapendeza kweli. Wanaume wametoka kazini, wanawake tumekwisha kuosha vyombo, tunasukana barazani. Gregori Mmakonde yuko mlangoni kwake anachonga vinyago, tezo inalia ko, ko, ko. Mara anatokea Leonardi Mngoni, fundi mwashi, pimamaji kwapani, bega moja juu kama kawaida yake, na kabla hajaingia kwake anasimama kwa Gregori.

"We Mmakonde, hiyo sura mbaya unayochonga ni ya mkweo?"

"Ya babu yako," anajibu Gregori bila kuinua macho. "Siku ile alipotukimbia akasahau ngao."

Basi wanacheka mpaka wanashikana mabega. Walikuwa watani. Nyie vijana wa siku hizi utani mnauona ni mzaha tu, kwa hiyo acheni niwaeleze. Wangoni na makabila mengine ya kusini, Wamakonde wakiwamo, walipigana zamani, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya kadamnasi, akabeba na kuku wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Tena ukifa, mtani ndiye anayevaa shati lako matangani, akaiga mwendo wako na sauti yako mpaka wafiwa wacheke, machozi yapungue. Hiyo ni kazi yake, na hakuna mwingine wa kuifanya. Hilo la shati mliweke akilini.

Leonardi alikuwa anakunywa, siwafichi. Jumamosi alipiga mnazi wake, akarudi anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kondoo, na mkewe Sesilia akamfungulia mlango huku anatikisa kichwa. Lakini Jumatatu alfajiri yuko kazini. Watoto walikula, kodi ya chumba ililipwa, na kuta alizojenga zilinyooka. Duka la Hilal pale kona alilijenga yeye, na mpaka leo halina ufa.

Sasa, Gregori akabuni jambo. Akachukua masalia ya miti, akachonga vikaragosi vyenye taya zinazofunguka na mikono ya kuvuta kwa uzi. Akatundika kanga mbili uani kwake, yeye akakaa nyuma ya pazia hilo, vikaragosi vikatokea juu. Zilikuwa nyumba mbili jirani, katikati ua wa makuti. Nyumba ya kwanza ya Bwana Kata, jina la kata ya kunywea pombe, fundi mlevi, na mkewe mwenye mwiko. Nyumba ya pili ya Bwana Taratibu, nadhifu, kanzu imepigwa pasi, kazi yake kuchungulia juu ya ua. Kata akianguka, Taratibu anachungulia, anaziba mdomo, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kata akipigwa mwiko, Taratibu anachungulia. Na Bwana Kata alitembea bega moja juu.

Siku ya kwanza tulikuwa wachache. Ya pili ua ukajaa. Watoto walifukuzwa, maana mdomo wa Kata haukuwa wa kusikilizwa na watoto, na kufukuzwa huko ndiko kulikozidi kuwaleta wakubwa. Walikuja wa Tandale, wakaja hata wa Chanika wanaoleta mihogo mjini. Vichekesho vikiisha watu hawatawanyiki, wanahamia barazani kwa Hilal kubishana.

"Inafundisha ile!" alisema Hija, fundi cherehani. "Ingefaa ipelekwe mikutanoni. Uhuru na kazi! Walevi kama Kata ndio wanaoturudisha nyuma."

"Inafundisha nini? Matusi matupu," alisema Bi Hayat, mke wa Hilal. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa mkeka wa mbele, na kashata mkononi.

Ubishi mkubwa ulikuwa ni nani huyo Taratibu. Kuhusu Kata hapakuwa na ubishi, kila mtu alimjua. Lakini Taratibu! Mmoja akasema ni karani wa mtaa wa pili. Mwingine akasema ni shemeji yake Hija. Sikumsikia hata mmoja aliyejitaja mwenyewe, na mie nilikuwa miongoni mwa waliobishana.

Leonardi je? Alikuwa anakaa mbele kabisa, anacheka kuliko wote. Angefanyaje? Mtani hanuni. Jina lake likapotea, akawa Kata sokoni, Kata bombani, Kata hata kanisani. Vijana wakamnunulia pombe.

"Kata, anguka kidogo tukuone!"

Naye anaanguka, bega moja juu, miguu hewani. Makofi. Kikombe kingine. Mtu aliyekuwa fundi wa kawaida, asiyetazamwa na yeyote, sasa akipita anashangiliwa. Kushangiliwa kunalevya, wenzangu, msidhani ni mnazi peke yake.

Jumamosi moja Bwana Kata alijenga ukuta jukwaani. Akausifu, akauegemea, ukaanguka naye. Nakwambieni watu walilia kwa kicheko. Bwana Taratibu kule juu ya ua nusura adondoke. Basi wiki ile ile, mtu wa Tandale aliyemwahidi Leonardi kazi ya nyumba nzima akampa fundi mwingine. "Nani akabidhi ukuta wake kwa Kata?" alisema, na waliomsikia wakacheka. Hilal naye alitaka kuongeza stoo nyuma ya duka, akamwita fundi kutoka Temeke. Huyu Hilal, anayelala ndani ya kuta za Leonardi!

Ndipo Leonardi alipohama kutoka kwenye mnazi akaingia kwenye gongo. Pimamaji likauzwa. Sesilia akaanza kupika vitumbua alfajiri, akashinda juani sokoni, na jioni watoto wakilala na uji mwepesi anawaambia kesho tutakula wali. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kutangaza shida zake. Lakini siku moja alimfuata Gregori, nami nilikuwa nachambua mchele mlango wa pili, nikasikia.

"Mtani, nakuomba umpumzishe yule mtu wako wa mti."

"Ah, Sesilia! Ni utani tu. Mumeo mwenyewe anacheka."

"Anacheka huku uani kwako. Ndani hacheki. Anakaa anatazama ukuta."

"Nikiacha, hawa watu nitawaambia nini? Wengine wanatoka mbali."

"Mie sijakuuliza habari za watu. Nimekuuliza habari za mtani wako."

Gregori akasema atapunguza. Hakupunguza. Jumamosi iliyofuata umati ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, na msanii akiona umati, ahadi inamtoka kichwani.

Katikati ya vichekesho vya siku hiyo Sesilia akaingia. Kafungua nywele, kajifunga kanga moja tu kiunoni juu ya gauni, mkononi kashika shati la Leonardi. Akatandika mkeka mbele ya pazia, akakaa, akanyoosha miguu kama mfiwa.

"Kwetu anayeigwa na mtani namna hii ni marehemu," alisema. "Mmemwiga mume wangu miezi hii yote, basi amekwisha kufa. Nimekuja kuanza matanga." Akaanza kulia kilio cha msibani, kile kirefu, anamtaja mumewe kwa jina lake: "Leonardi wangu! Fundi wangu!"

Mnajua watu walifanya nini? Walicheka. Walidhani Gregori kaongeza mchezaji wa kweli. "Huyu anaweza!" alipiga kelele mmoja. "Mke wa Kata huyo, hana mwiko leo!" Na Leonardi, masikini, kwa kuwa alizoea kushangiliwa, akainuka akayumba mpaka kwenye mkeka, akajilaza mbele ya mkewe, akafumba macho, mikono kifuani. Ua mzima ulilipuka. Sesilia alimtazama pale alipolala. Akaacha kulia ghafla, akakunja shati, akaenda zake nyumbani.

Tangu hapo ukawa ndio mchezo wake. Akilewa anajilaza popote, anajifanya maiti. Watu wakimpita wanasema, "Kata kafa tena!" Wanamwekea jani usoni, wanaendelea na safari.

Jumamosi ile, sitaisahau, tulikuwa tunakwenda uani kwa Gregori, makundi makundi, tumevaa vizuri. Leonardi alikuwa kalala chali kando ya njia ya bombani. Kila kundi lilimpita. "Inuka wewe, utachelewa kujitazama!" alisema Hija, akamfunika uso kwa kofia yake mwenyewe, na waliofuatana naye wakaona ni jambo la kuchekesha sana. Vichekesho vikaanza. Gregori kule nyuma ya pazia akaona mkeka wa mbele una nafasi.

"Kata wangu wa nyama yuko wapi leo?" kikaragosi kiliuliza.

"Kalala njiani, kafa!" umati ukajibu.

Sesilia ndiye aliyemkuta, akitoka sokoni na sinia lake la vitumbua. Kelele zake zilipotufikia, bado kuna waliosema, mchezaji wetu huyo kaanza. Tukambeba mbio, na tulipofika hospitali, mganga alimtazama akamfunika. Akasema Leonardi amepaliwa na matapishi yake mwenyewe. Angegeuzwa ubavu tu, alisema, angepona. Ubavu tu, jamani! Hata asibebwe, hata asipewe maji. Na njia ile tulipita mtaa mzima.

Tulimzika. Tuliporudi matangani, wazee wakakaa, wakamwita Gregori. "Mtani, kazi yako imefika. Mwige mwenzako, tupunguze machozi." Sesilia mwenyewe akalileta lile shati, limefuliwa na kukunjwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Gregori alisimama katikati ya ua na shati mkononi. Mtu yule aliyechekesha mpaka watu wa Chanika akalikunjua, akalikunja tena.

"Wazee wangu," alisema mwisho, "marehemu nilishamwiga akiwa hai. Nilimwiga nikammaliza, hakubaki wa kuigwa. Lakini mtani hakatai kazi. Acheni nimwige jirani."

Akaliweka shati mapajani mwa Sesilia. Akaenda nyuma ya ua wa makuti wa pale msibani, akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia upande tuliokaa sie. Akaziba mdomo. Mabega yakamtikisika, vilevile, kama Bwana Taratibu.

Hakuna aliyecheka. Hija aliinamisha kichwa mpaka magotini. Bi Hayat akajifunika ushungi uso mzima. Gregori alisimama pale nyuma ya ua muda mrefu, anatutazama mmoja mmoja, na ilipofika zamu yangu nikatazama chini.

Vikaragosi alivichoma kesho yake. Hilal alimpa Sesilia kibaraza cha kuuzia vitumbua, na hatudai sifa kwa hilo.

FUNZO

Sisemi watu wasicheke. Mtaa usio na kicheko ni makaburi. Wala sisemi Leonardi hakuwa na kosa. Kikombe alikiinua mwenyewe. Ninachosema ni hiki: mlevi wa jirani si sinema yako. Ukimcheka mtu mpaka akakosa kazi, hukumtania, umempora. Na utani una haki zake na wajibu wake. Sie tulikula haki, wajibu tukamwachia mjane. Miezi yote ile tulikuwa tunatafuta Bwana Taratibu ni nani, na kumbe alikuwa kila mmoja wetu, kakaa juu ya mkeka wake mwenyewe.

Kwa hiyo ukipita njiani ukamkuta mtu kalala, awe mlevi, awe mchekeshaji, awe adui yako, mgeuze ubavu kwanza. Kama bado una hamu ya kucheka, utacheka baadaye.