Majani Yaliyolala Saa Nne Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya chai, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya vitambaa, kujaza ndoo na kukunja matandiko. Zote alizimaliza maji hayajachemka. Ndiyo maana akaitwa Chapuchapu, jina alilolipenda kwelikweli. Mama yake alilitamka kwa kuguna, maana ndiye aliyerudia kufagia.

Jumatatu moja mwalimu wa sayansi aliwaazima wanafunzi mimea ya ndani, kila mmoja chungu chake. Mmea ule ulikuwa na majani ya zambarau, matatu matatu kwenye kila kikonyo. Jua likichwa, yalijikunja kama mwavuli. Kukipambazuka, yalifunguka tena.

"Udongo ukikauka, mwagilieni," mwalimu alisema. "Kwa siku saba mtaandika saa ya kufunga na saa ya kufungua. Mwenye jedwali bora ndiye atakayelisemea darasa kwenye maonyesho ya shule."

Chapuchapu aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Mwaka uliopita aliikosa kwa sababu ya mwandiko mbaya. Jioni ile alikaa karibu na dirisha la chumba cha kushonea, macho yamemtoka pima. Saa kumi na mbili na nusu majani yakaanza kushuka. Akaandika. Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika ishirini, yakafunguka. Akaandika tena.

Kisha akajiuliza: jani lina akili gani ya kubadili ratiba? Nikodolee macho kitu kilekile wiki nzima, nina wazimu? Akajaza siku zote zilizobaki, akiongeza dakika mbili hapa, akipunguza tatu pale, ili namba zisifanane mno. Mwandiko ulikuwa safi ajabu. Chungu akakiacha dirishani, akakisahau.

Jumamosi saa nne asubuhi mwalimu alipiga hodi. Alikuja kupimwa gauni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmea wangu unaendeleaje?"

Mama hakumpa binti yake nafasi ya kujibu. "Lete daftari mwalimu aone! Safari hii mwandiko wake, we acha tu!"

Chapuchapu alilileta. Mwalimu akasoma, akatabasamu, kisha akatazama dirishani. Jua lilikuwa kali, lakini majani yalikuwa yamejikunja na kulegea.

"Hapa umeandika kwamba leo yamefunguka saa kumi na mbili na dakika kumi na nane."

"Ah, hayo yamelala tangu juzi," mama alisema, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Nikadhani ndiyo kazi yake, kulala."

Mwalimu akateremsha kidole hadi mstari wa mwisho. "Na Jumapili umeshaiona? Maana mimi bado."

Chapuchapu alikuwa na uongo tayari: angesema amekosea mstari. Lakini mmea wa watu ulikuwa unamfia mbele ya macho.

"Sikuangalia, mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka. "Niliangalia siku ya kwanza tu. Hizi namba nyingine nimezipika."

Mwalimu akachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa mkavu kama unga. "Mmea ulikuwa na kiu, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuliona hilo. Lete maji kwanza, utalia baadaye."

Hadi Jumatatu majani yalikuwa yamesimama na kufunguka. Chapuchapu alipeleka jedwali jipya, na kwenye siku nne alikuwa ameandika neno moja tu: sikuangalia. Mwalimu alilipokea na kumshukuru kwa kusema kweli, lakini aliyemchagua kulisemea darasa kwenye maonyesho alikuwa mwanafunzi mwingine. Chapuchapu alimpigia makofi, ingawa roho ilimuuma.

Jioni hiyo alimkuta mama akikata kitambaa cha gauni la mwalimu.

"Lakini mama, kama ningemwagilia maji tu, si namba zangu zingekuwa karibu na ukweli?"

Mama akaweka mkasi chini. "Mwalimu wako nilimpima mwezi uliopita. Juzi nimempima tena, na kiuno kimeongezeka. Ningekata kwa vipimo vya zamani, gauni lingempasukia kwenye maonyesho, mbele ya wazazi wote. Namba ambayo hukuipima, mwanangu, ni uongo hata ukiiandika kwa mwandiko mzuri. Na siku itakapopasuka, wewe ndiye fundi atakayeulizwa."