Kura ya Bwana Detre

Detre alibisha hodi. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwake hata siku moja. Kawaida yake ilikuwa kusukuma mlango kwa bega na kuulizia supu akiwa bado kizingitini. Safari hii alisimama nje kwenye theluji, mchana kweupe, akagonga mara tatu na kungoja kama mgeni mwenye adabu zake. Orsolya alipofungua na kumwona mume aliyemlilia tangu vita vya kusini, alimrukia shingoni na hakutaka kufikiri zaidi.

Habari za kurudi kwake zilivuka mto kutoka Pest hadi Buda, mji wa mfalme, kabla supu haijapoa. Mfalme alikuwa amekufa bila mtoto, na wakuu kumi na watatu wa Hungaria walipaswa kumchagua mwingine. Sita walimtaka kijana wa nyumbani, sita walimtaka mtoto wa mfalme wa nje, na kiti cha kumi na tatu kilikuwa cha Detre, kitupu tangu iliposemekana kwamba Waturuki wamemuua. Wakuu walikuwa wameshapanga kumpa kiti hicho, pamoja na ngome ya Detre na mjane wake, mzee mmoja aitwaye Kónya, mwenye mbwa wengi kuliko meno. Sasa mjane hakuwa mjane tena. Orsolya alicheka peke yake jikoni kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili.

Kwanza ilikuwa harufu, kama manyoya ya bata bukini yaliyolowa na kusahauliwa kwenye kikapu. Orsolya alifua mashuka yote, harufu ikabaki palepale. Kisha yakaja mazungumzo ya mezani.

"Kura yako ni ya kijana wetu, sivyo?" alimuuliza.

"Ya mgeni," Detre akajibu.

"Mgeni? Wewe uliyeapa mbele ya padri kwamba utakula kofia yako kabla hujampigia mgeni magoti?"

"Mtu hubadilika." Aliweka kijiko chini. Supu yake haikuwa imeguswa. "Nikufanyie kazi gani tena, mke wangu?"

Swali hilo ndilo lililoanza kumkosesha Orsolya raha. Detre aliyemjua alikuwa akibeba ndoo moja ya maji, analalamika juma zima. Huyu alikuwa ameziba paa, amepasua kuni za miezi mitatu, ameondoa theluji mtaa mzima, na kila alipomaliza alikuja kusimama mlangoni na kuuliza tena.

Anka, mtumishi wa jikoni, alimvuta kando. "Bibie, nimemchungulia ghalani," alinong'ona. "Nasikia shoka linapiga, nasikia kuni zinaanguka. Lakini yeye amesimama tu, mikono kaining'iniza."

"Funga mdomo wako. Ukilisema hilo sokoni, watanichoma mimi kwanza."

Hakuwa akitia chumvi. Mwanamke aliyejulikana kulala na jini hakupata wa kumtetea. Basi alijifunika shela, akaenda kwa Bibi Piroska, mkunga wa nyuma ya kanisa, aliyeuza dawa za tumbo na, kwa sauti ya chini, dawa za mambo mengine.

"Anaomba kazi?" bibi aliuliza.

"Kutwa."

"Basi si mumeo. Mwanamume gani huomba kazi?" Bibi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Huyo ni lidérc, mwanangu. Huvaa sura ya marehemu akaingia kwa mjane anayelia sana. Mpe kazi isiyowezekana, ataondoka kwa aibu na hatarudi. Mwambie akachote maji ya mto kwa chekeche la unga. Marehemu mama yangu alimfukuza mmoja hivyo, wakati wa mavuno."

"Na kama ni Detre kweli?"

"Atakutukana kama mume yeyote, na wewe utapata usingizi."

Asubuhi ya uchaguzi Orsolya alimkabidhi chekeche, akasema alilofundishwa. Detre hakutukana. Alilitazama chekeche, akatabasamu, akatoka. Orsolya alikimbilia dirishani, akamwona akipita shimo la mtoni ambalo watu wote walichotea maji bila kuligeukia, akipanda na mto hadi kwenye matete ambako hakuna aliyekwenda, kama mtu anayekijua vizuri anachokifuata. Na Orsolya, paji la uso wake likiwa limebanwa kwenye fremu baridi ya dirisha, hakujua tena amwombe Mungu nini, kwa sababu huyu akitoweka Kónya angekuja na mbwa wake kabla ya jua kutua, na huyu akirudi ingembidi alale tena karibu na ile harufu, na katikati ya hofu hizo mbili kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka, mume wake, yule mvivu, mwenye kelele, anayesukuma mlango kwa bega.

Alirudi amelibeba chekeche kifuani. Ndani yake mlikuwa na bonge la barafu lenye ukungu.

"Maji ya mto hayo," alisema. "Hayavuji."

Orsolya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa Januari, mto wote umeganda, na si yeye wala Bibi Piroska aliyelifikiria hilo. Ujanja huo wa mvivu ulikuwa wa Detre kabisa. Alijionea haya kwa kumshuku. Alimfunga joho kwa mikono yake mwenyewe, akampa muhuri wa ukoo, akamsindikiza kwa macho akivuka barafu kwenda Buda pamoja na umati.

Kisha aliweka lile bonge kwenye beseni karibu na moto, apate maji ya kuoshea vyombo, akaanza kukanda unga.

Saa sita mchana kelele za maelfu zilifika kutoka ng'ambo ya mto, wakilitaja jina la mfalme mpya mara tatu. Lilikuwa jina la mgeni. Orsolya aligeuka kuchukua maji, akaona kitu chekundu kwenye beseni. Ilikuwa sufu, glovu aliyoifuma mwenyewe siku Detre alipokwenda vitani, yenye dole gumba lililopinda kwa sababu alikuwa akilia wakati wa kulifuma. Aliibonyeza. Ndani mlikuwa na vidole, na kwenye kimoja akahisi pete. Detre wake alikuwa ametoroka mikononi mwa Waturuki, basi. Alikuwa amefika hadi kwenye matete, akiona moshi wa nyumba yake.

Mlango ulifunguka nyuma yake.

"Saba kwa sita," ilisema sauti ya Detre. "Kazi gani tena, mke wangu?"

Orsolya aliiachia glovu, akageuka. Alitafuta kazi isiyowezekana, na moyoni mwake ilikuwemo moja tu.

"Niletee mume wangu," alisema.

Yule hakuona aibu, wala hakutoweka. Alichungulia beseni kwa upole.

"Nilianza kumleta asubuhi," alisema. "Aliyebaki hakuenea kwenye chekeche. Nikammalizie?"